Siku Tatu za Kuwaambia

Mimi ni fundi wa lifti. Miaka kumi na tisa nimeingia na kutoka kwenye mashimo ya maghorofa ambayo wapandaji hawajui hata kama yapo, na muda wote huo sijawahi kupanda kitu kinachoendeshwa na mota bila kukisikiliza kwanza. Watu wananicheka. Wacha wacheke. Hao hao ndio wananipigia simu wakikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, na hapo sijawahi kumsikia anayecheka.

Nina watoto wawili. Mkubwa ni msichana wa miaka saba, tunamwita Hakimu, kwa sababu tangu ajue kusema hajaacha jambo lipite bila kulikalia kikao: nani kaanza, nani kapewa kipande kikubwa, nani kasema uongo. Mdogo ni wa kiume, miaka minne, tunamwita Bonge, na jina hilo halihitaji maelezo.

Mama yao ni muuguzi. Tuliachana miaka miwili kabla ya haya, bila kurushiana vyombo, tulichoka tu. Watoto walikaa kwake, mimi nikawa wa kuwachukua wikendi. Kisha akapata kazi nchi ya mbali, mkataba wa miaka mitano, nyumba juu ya mwajiri, shule ya watoto juu yake pia. Akaniletea karatasi ya ridhaa ya baba, kwamba nakubali aende na watoto. Nilikaa nayo wiki mbili kwenye droo ya vijiko. Nilitafuta sababu ya kukataa ambayo haikuwa ubinafsi wangu na sikuipata. Mimi naitwa kazini alfajiri, naitwa katikati ya chakula, nalala chumba ambacho kitanda kikikunjuliwa mlango haufunguki. Ningewaweka wapi, na nani angewapikia? Nikasaini. Nikarudisha kalamu mfukoni nikaenda kufunga breki kwenye jengo la bima, na siku hiyo nilifunga breki moja mara tatu kwa sababu sikuwa naona vizuri.

Nilimwomba mama yao kitu kimoja tu: niachie mimi niwaambie. Nilikuwa nimewaahidi siku nyingi kuwapeleka kwenye bustani ya michezo, ile kubwa yenye hoteli yake ndani, watu wanakaa siku tatu. Nikasema nitawaambia hukohuko, wakiwa wamefurahi.

"Sawa," akasema mama yao. "Lakini waambie siku ya kwanza. Sio ya mwisho, unanisikia? Hakimu unamjua. Akipewa habari lazima aigeuze, aulize, alie, aulize tena. Mpe siku mbili za kukuuliza wewe mwenyewe. Ukimwambia mwishoni atabaki na maswali mdomoni, na wewe hupo."

"Siku ya kwanza," nikasema. "Chakula cha mchana hakitapita."

Siku tuliyoondoka kwenda huko, ndege yao ilikuwa imebaki siku nane.

Siku ya kwanza tulifika saa nne asubuhi. Langoni mlinzi akapekua begi langu akatoa bisibisi, ile ndefu yenye mpini wa mbao.

"Hii ya nini, mzee?"

"Ya kusikilizia."

"Kusikilizia nini?"

"Mashine." Nikamwonyesha: ncha unaiweka kwenye mota, mpini unauweka kwenye mfupa nyuma ya sikio, utasikia beringi moja moja kama watu wanaongea chumba cha pili. Mlinzi alinitazama kwa upole, ule upole wa kumtazama mgonjwa, akaitupa kwenye ndoo ya vitu vilivyokatazwa pamoja na vijiti na chupa za vioo.

"Baba," Hakimu akanong'ona, "leo usisikilize. Leo tumekuja kucheza."

"Leo sisikilizi," nikasema, na kweli nilikusudia hivyo. Lakini mkono una akili zake. Tulipofika kwenye farasi wa kuzunguka nikajikuta nimeuweka kwenye boksi la mota. Mota ilikuwa nzima, mbichi kabisa, imepakwa grisi na mtu anayejua kazi. Nikawaruhusu. Vikombe vya kuzunguka, nikavishika, nikawaruhusu. Magari ya kugongana nikainama chini kutazama waya, kijana wa pale akaniuliza kama nimedondosha pesa. Hakimu alikuwa anakaa mbali na mimi hatua tatu, ajulikane ni mtoto wa mtu mwingine.

Hata hivyo ilikuwa siku nzuri, na hilo ndilo lililoniponza. Bonge alimkuta mtu aliyevaa vazi la kuku, kuku mwenye urefu wa mlango, akalia mpaka akapaliwa, na dakika tano baadaye alikuwa anamfuata kuku huyo nyuma anamkanyaga mkia. Hakimu alishinda mdoli kwa kurusha pete, akakataa kuupokea kwa sababu aliona mguu wake mmoja ulikuwa umevuka kamba ya mpaka. Yule mama wa kibanda akasema chukua tu mwanangu. Hakimu akasema hapana, arudie. Akarudia akakosa. Akaondoka ameinua kichwa, bila mdoli. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipokwisha ya kucheka nikageukia pembeni nikajifuta mengine.

Wakati wa chakula nikapiga moyo konde. Tulikuwa tumekaa meza ya nje, sinia la chipsi katikati. Nikasema, "Wanangu, kuna jambo." Hakimu akaacha kutafuna. Bonge akasema, "Baba, puani." Nikatazama. Alikuwa amejitia kipande cha chipsi puani, kikazama chote. Tukaishia chumba cha huduma ya kwanza, nesi ana kibano, Bonge ana kelele za mtu anayechinjwa. Kilipotoka alikitaka akile.

Kwa hiyo chakula cha mchana kikapita. Baada ya hapo nilikuwa na nafasi kumi, sitaki kujidanganya. Tulikaa kwenye benchi chini ya kivuli nusu saa nzima, Bonge amelala mapajani kwangu, Hakimu ananihesabia michezo aliyopanda na kuipa maksi. Ningeweza kusema. Kila nilipofungua mdomo nilimwona usoni jinsi alivyotulia, nikafunga. Nikajiambia mpe siku hii moja ibaki nzima. Nilijiona mwema.

Jioni, watoto wakiwa bafuni wanamwagiana maji, mama yao akapiga.

"Umewaambia?"

"Bonge kajitia chipsi puani."

"Sijakuuliza Bonge."

"Kesho," nikasema. "Kesho asubuhi."

"Unajua unachokifanya?" akasema. "Unajionea huruma wewe, unasema ni huruma ya watoto." Akakata. Nilimkasirikia kwa sababu ilikuwa kweli.

Siku ya pili ilikuwa ya Mnara.

Hakimu alikuwa ameuona Mnara kwenye picha kabla hatujatoka nyumbani, na kwake bustani yote ilikuwa ni Mnara na vitu vidogo vidogo vya kupotezea muda. Ulikuwa nguzo ndefu ya chuma, na viti vimeizunguka mviringo, watu arobaini wanakaa wametazama nje, viti vinapanda taratibu mpaka juu kabisa, vinasimama pale, unaona mji wote, kisha vinashuka. Mtoto wa miaka saba anaruhusiwa akikaa na mtu mzima, na wa miaka minne pia, kwa sababu hauna fujo. Hauna fujo kabisa. Ukiondoa mapambo, ilikuwa lifti.

Tulipanga foleni saa moja na nusu juani. Hakimu hakulalamika hata mara moja. Alikuwa amebana nywele zake zote nyuma zisije zikamziba macho huko juu. Alinieleza atakachokitafuta: kwanza hoteli, kisha barabara tuliyokuja nayo, kisha aone kama mtu anaweza kuona mpaka nyumbani kwa mama, na mpaka kwangu, vyote pamoja.

"Haiwezekani, ni mbali," nikamwambia.

"Juu mbali hakuna," akasema.

Zamu yetu ikafika. Tukafungwa mikanda, Bonge katikati, Hakimu upande wake wa pili ameng'ang'ania chuma kwa mikono miwili. Viti vikaanza kupanda. Tulikuwa hatujafika hata urefu wa watu wawili nilipousikia, kupitia mgongo wa kiti: ko. Kimya. Ko. Kimya. Ko.

Kwenye lifti kuna kifaa kinachochunga mwendo. Kina kidole cha chuma, na lifti ikiwa nzima kidole hicho hakigusi kitu maisha yake yote. Ukikisikia kinagonga, maana yake mwendo umezidi na kinachofuata ni breki za dharura, au mazishi. Nilikisikia kikigonga mara moja tu kazini. Mwenzangu aliyekuwa juu ya lifti siku hiyo anatembea kwa magongo hadi leo.

Sikufikiri. Niliinua mkono nikapiga ukelele ule tunaoutumia shimoni, ambao hata mtu asiyeujua anautii: "Simamisha! Zima umeme!"

Kijana wa kwenye kibanda cha kuendeshea akapiga kitufe chekundu. Viti vikasimama kwa kishindo, watu wakapiga mayowe, kisha vikashushwa kwa mkono, polepole, dakika kumi. Na kanuni yao ni kama yetu: kitufe chekundu kikipigwa, mashine haiwashwi tena mpaka ikaguliwe na watu wawili wasaini. Wakafunga mnyororo getini. Watu mia mbili waliokuwa foleni juani wakaambiwa waende zao. Walituzomea. Baba mmoja mwenye mtoto begani alinitolea uvivu mbele ya wanangu, maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Fundi mkuu wa pale alikuwa mwanamke wa makamo, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Watoto nikawaacha kwenye benchi mlangoni, akaniingiza chumba cha mashine.

"Wewe ni wa lifti," akasema.

"Umejuaje?"

"Watu wa kawaida wanasema tunakufa. Wewe umesema zima umeme." Akamulika tochi juu. Kwenye nguzo kulikuwa na meno ya chuma kuanzia chini hadi juu, na kidole kinene kimelala juu yake. "Hicho ndicho ulichokisikia. Viti vikipanda, kinaruka jino moja moja. Kamba ikikatika, kinang'ata jino, viti havirudi chini. Huku kwetu kikigonga ndiyo kizuri, kaka. Kikinyamaza ndiyo ukimbie."

Nilikitazama. Kilikuwa kidole kizuri, hakina hata kutu.

"Nimekosea," nikasema.

"Umekosea," akasema, wala hakuwa na hasira. "Ningekuwa kwenye lifti yako ningekosea vilevile. Shida ni saini ya pili. Mwenzangu yuko mapumziko mpaka kesho saa tisa mchana."

Basi letu la kurudi kesho hiyo lilikuwa saa nane.

Nilitoka. Hakimu alikuwa amesimama, ameshika mkono wa mdogo wake. Alikuwa hajalia. Alinisubiri nifike karibu, kwa sababu yeye hatoi hukumu kwa mbali.

"Ulikuwa mbovu?"

"Hapana, mwanangu. Ulikuwa mzima."

"Kwa hiyo umekosea."

"Nimekosea."

"Tutapanda kesho?"

"Kesho utafunguliwa tukiwa tumeshaondoka."

Hapo ndipo uso wake ulipovunjika. "Kila kitu unaona kitaanguka!" akapiga kelele, na watu waliokuwa wanapita wakageuka. "Kila kitu! Unatuaibisha! Ningekuja na mama ningepanda! Sitaki kutoka na wewe tena. Sitaki tena, hata siku moja, sitaki kukaa na wewe, nataka mama!"

Bonge, ambaye huwa anaunga mkono upande wenye kelele zaidi, naye akalia anataka mama.

Sikumkemea Hakimu. Ningemkemea nini? Niliwanunulia barafu za matunda, yeye hakuila yake, ikayeyuka ikamtiririka mkononi, nikamfuta kwa shati langu. Nikajiambia: leo si siku yake. Keshaumia, nisimwongezee. Jioni mama yao alipopiga niliiacha simu ikaita mpaka ikanyamaza, kisha nikamwandikia kwamba betri inaisha.

Siku ya tatu tulikuwa na asubuhi tu. Hakimu alikuwa ameamka mpole. Hakunisemesha sana, lakini alinifungia kamba ya kiatu kimoja nilipokuwa nimembeba Bonge, na mimi nikajua hiyo ni njia yake ya kupunguza kifungo. Tulizungukazunguka. Tulipita karibu na Mnara, mnyororo bado uko getini, hakuutazama.

Bonge alitaka treni. Kuna treni ndogo ya kupanda vilima na kushuka, ya watoto, na mbele yake kuna ubao umechorwa twiga ananyoosha mkono: usipofika mkono wa twiga huruhusiwi. Bonge akasimama kwenye ubao. Akajinyoosha. Akasimama kwa ncha za vidole, akabana pumzi, mashavu yakavimba. Dada wa pale, binti mchangamfu mwenye filimbi shingoni, akainama akamwekea kiganja kichwani.

"Bado vidole viwili, bosi," akasema. "Lakini unakuja kwa kasi! Mwakani baba akikuleta, utakuwa umempita huyu twiga."

Bonge akageuka. Hakuwa na huzuni hata kidogo, alikuwa ameridhika kabisa na mpango huo.

"Baba, mwakani utanileta?"

Ningeweza kusema nitakuleta. Lilikuwa neno dogo, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nyuma yetu kulikuwa na foleni, mtu akasema songeni basi, jamani. Nikamtazama Bonge, nikamtazama dada yake, ambaye alikuwa ananitazama mdomo.

"Hapana," nikasema. "Mwakani sitakuleta mimi."

Niliwapeleka pembeni, kwenye ukingo wa sementi uliozunguka bomba la kumwagilia maua, nikachuchumaa mbele yao. Nikasema yote kwa haraka, kwa mpangilio mbovu, mwisho kabla ya mwanzo. Kwamba wiki ijayo wanapanda ndege na mama. Kwamba mama amepata kazi nzuri. Kwamba huko watakuwa na chumba chao na shule yenye uwanja. Kwamba ni miaka mitano, na tutapigiana simu tuonane usoni kila Jumapili. Kwamba mimi nabaki.

Bonge akauliza kama ndege ina dirisha. Nikasema inayo. Akauliza kama atakaa yeye dirishani. Nikasema ndiyo. Akauliza kama na mimi nitakaa dirishani, nikarudia kwamba mimi nabaki, akasema sawa, nitakuachia dirisha langu. Nilimvuta nikamkumbatia ili asinione.

Nilimsubiri Hakimu aulize. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yake yote, nilikuwa nayo majibu tangu wiki mbili za ile droo. Alikuwa ametazama viatu vyake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia kwake:

"Nilikuwa natania."

"Ulikuwa unatania nini, mama?"

"Jana. Niliposema sitaki kutoka na wewe. Nilikuwa natania, baba."

Nikakaa chini kwenye maji yaliyokuwa yakivuja kwenye lile bomba. Nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia hapana, hapana, haihusiani hata kidogo na jana. Nikamwambia mimi na mama tulikubaliana siku nyingi, miezi mitatu, kabla hatujapanda basi, kabla hajauona Mnara, karatasi ipo, ina tarehe, nitamwonyesha. Hakuna alichosema kilicholeta hili. Hakuna. Nikamuuliza kama ananielewa.

"Ndiyo, baba."

"Niambie nimesema nini."

"Umesema mlikubaliana siku nyingi." Akatikisa kichwa kukubali, vizuri, kama mtu mzima. "Samahani, baba."

"Usiniombe msamaha. Huna kosa."

"Sawa. Lakini samahani."

Nikamkumbatia. Nikadhani tumemaliza. Nasema kweli, nilipumua. Nikadhani mama yao ametia chumvi, kwamba mtoto huyu ana akili kuliko tunavyomjua sisi wote wawili.

Njia nzima alikuwa mtoto ambaye kila mzazi anamwomba Mungu ampe. Alibeba begi la Bonge. Aliniuliza kama nina kiu, akanifungulia chupa. Nilipotania kuhusu yule kuku alicheka kabla sijafika kwenye kichekesho. Bonge alilala, kichwa kwenye mbavu zangu, na Hakimu akakaa upande wa pili, akanishika mkono wa shati, akasema, "Baba, hili basi unataka kulisikiliza? Lisikilize tu, mimi sioni aibu." Nikasema hili halina haja. Akasema, "Ukitaka, lakini." Nilimbusu kichwani. Nilijivunia, nikatazama nje ya dirisha muda mrefu.

Mama yao alikuwa anatusubiri stendi, bado amevaa sare ya kazini na sweta juu. Aliponiona tu alijua nimesema, na alijua nimesema lini. Sikumwambia. Alimpokea Bonge mikononi mwangu akiwa bado amelala, mdomo wazi, mate kwenye kola. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakunigombeza, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi.

Hakimu alimkimbilia akamshika sweta. Alikuwa na haraka, alikuwa na habari.

"Mama, nilimkosea baba," akasema. "Nilisema sitaki kukaa naye. Lakini nimeshamwomba msamaha, na amesema sina kosa, muulize. Kwa hiyo tuwaambie wa ndege hatuendi tena."

Mama yao akanitazama juu ya kichwa cha Bonge. Watu walikuwa wanapita katikati yetu na mizigo.

Nilipiga magoti palepale kwenye lami. Nikaanza tena tangu mwanzo, safari hii polepole, tarehe moja baada ya nyingine, siku kazi ilipotoka, siku karatasi ilipokuja, siku niliyosaini, nikamhesabia kwa vidole vyake mwenyewe ni siku ngapi kabla ya Mnara. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja. Kisha akanisogelea sikioni akaniuliza kama nataka aseme tena samahani, mara hii kwa sauti, mama asikie.